Kipimo cha kizingiti kwenye darasa la spini

Kwenye majimu mengi siku ya kipimo cha darasa la spini, yaani la baiskeli za mazoezi zisizosogea, huwa hivi: mwalimu anapanda baiskeli ya mbele, anafungulia muziki, anawaambia watu ishirini wakanyage kadiri wawezavyo kwa dakika ishirini, kisha kila mmoja anapiga picha skrini yake. Namba zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, anasifiwa aliyeongoza, na wiki inayofuata darasa linaendelea kama kwamba hakuna aliyepimwa.

Kipimo hakifanywi ili kumjua bingwa. Kinafanywa ili mwalimu aweze kumwambia mama wa baiskeli namba 4 na kijana wa namba 11 wafanye kazi mbili tofauti ndani ya wimbo mmoja, na baada ya wiki nane ajue kama wamesogea au wametoka jasho tu. Kwa sababu hiyo ukubwa wa namba hauna uzito sana. Kinachotakiwa ni namba inayoweza kutafutwa tena katika hali ile ile, na karibu makosa yote ya siku ya kipimo ni ya kuiharibu hali hiyo.

Kwanza tuelewane kinachopimwa. Kizingiti ni kile kiwango cha kazi ambacho mwili bado unaweza kuondoa laktati, zao la misuli inayofanya kazi kwa nguvu, kwa kadiri inavyozalishwa. Chini yake kidogo mtu anakanyaga dakika arobaini, hata saa. Juu yake kidogo anaanza kuhesabu dakika. Mwanasayansi wa mazoezi Andrew Coggan na kocha wa baiskeli Hunter Allen ndio walioeneza kifupi cha FTP, yaani wati ambazo mtu anaweza kuzishikilia kwa takriban saa moja, na kwa kuwa ni wachache wanaokubali kuteseka saa nzima bila kwenda popote, njia iliyozoeleka ni kupima dakika 20 na kuzidisha wastani wake kwa 0.95. Ile asilimia tano inayokatwa ni nguvu za mkopo: misuli hutoa kazi ya ziada bila kutegemea oksijeni, na katika dakika 20 mkopo huo bado unaonekana kwenye hesabu.

Baiskeli kwanza, mtu baadaye

Baiskeli nyingi tunazozikuta ni za msuguano. Pedi ya sufi au ya ngozi inakandamizwa juu ya gurudumu zito, kilo 13 hadi 22, na kitasa cha mbele ndicho kinachoikaza. Hapo hakuna wati za kusoma. Wapo walimu wanaotaka kupima kwa "robo mzunguko wa kitasa", lakini pedi ikipata moto mshiko wake unabadilika, ikikauka inashika na kuachia, na robo ya baiskeli hii ni nusu ya ile ya jirani. Kwa baiskeli hizo pima kwa mapigo ya moyo, na achana na kitasa.

Baiskeli za sumaku ni habari nyingine. Sumaku haigusi gurudumu, kwa hiyo hakuna pedi ya kuisha. Lakini lazima ujue wati zake zinatoka wapi. Keiser M3i, kwa mfano, haipimi nguvu ya mguu moja kwa moja: ina gia 1 hadi 24, inajua sumaku iko umbali gani na gurudumu na pedali zinazunguka kwa kasi gani, kisha inakokotoa. Sumaku ikihama kutoka sehemu yake, skrini itaendelea kuonyesha wati kwa utulivu kabisa, na zote zitakuwa za uongo. Baiskeli kama Stages SC3 ina kihisi kwenye mkono wa pedali wa kushoto kinachopima jinsi chuma kinavyopinda. Inachopata kushoto inakizidisha kwa mbili. Mtu anayetoa wati 200, mguu wa kushoto ukifanya asilimia 48 ya kazi, atasomewa 192. Hilo halina ubaya mkubwa maadamu kila mara anapimwa kwa kihisi hicho hicho. Ubaya unakuja akipimwa leo kwenye aina moja na mwezi ujao kwenye nyingine. Kihisi cha namna hii kirudishwe sifuri kabla ya kipimo, mkono wa kushoto ukiwa umening'inia wima chini na hakuna mguu juu ya pedali.

Baiskeli mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, si ajabu zikatofautiana kwa wati 20. Ili kulijua hilo huhitaji fundi. Mchukue mtu mmoja aliyezoea, apashe mwili robo saa, kisha akanyage dakika 4 kwenye kila baiskeli kwa mizunguko 85 ya pedali kwa dakika, akiweka mzigo unaompa mapigo yale yale ya moyo, tuseme 140. Andika wati za dakika ya mwisho. Muhimu ni kumaliza kwenye baiskeli ulioanzia: namba 1, 2, 3, 4, halafu tena 1. Kama namba 1 ya mwisho imeshuka wati 8 kuliko ile ya kwanza, hizo 8 ni uchovu na joto la mtu, si baiskeli, na unajua namna ya kuzigawa. Baiskeli inayotofautiana sana na wenzake iandikie alama na usiitumie kupimia mpaka irekebishwe.

Kisha kila baiskeli iwe na namba iliyobandikwa, na kila mtu apimwe kwenye namba yake. Siku ya kipimo cha pili akikuta imekaliwa, aliyeikalia aombwe ahame. Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo linaloharibu vipimo vingi kuliko mengine yote.

Kagua pia vitu vya kawaida: nati za pedali, pini ya kiti, betri ya skrini. Mwambao jasho na hewa ya chumvi hula chuma haraka, na nguzo ya kiti iliyoganda kwa kutu humlazimisha mtu wa futi tano kukaa kwa urefu wa mtu wa futi sita.

Ambao hawapimwi leo

Kipimo cha nguvu zote si cha mgeni. Misuli ya mapaja isiyozoea, ikilazimishwa kwa nguvu kwenye darasa la kwanza la spini, inaweza kuvunjika kiasi cha kumwaga protini kwenye damu na kuumiza figo. Dalili huja siku moja hadi tatu baadaye: mapaja yamevimba na kuuma kupita maumivu ya kawaida ya mazoezi, na mkojo wa rangi ya Coca-Cola. Huyo anaenda hospitali siku hiyo hiyo. Usimwambie anywe maji asubiri. Sharti la busara ni mtu awe amehudhuria wiki sita kabla ya kupimwa kwa nguvu zote, na madarasa yake mawili ya kwanza yawe mepesi hata kama analalamika kuwa hajachoka.

Wote wajaze fomu ya maswali ya afya, ile ya PAR-Q+ au mfano wake. Inauliza mambo saba: kama daktari amewahi kumwambia ana moyo au presha, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia, ugonjwa mwingine wa kudumu, dawa anazotumia, matatizo ya mifupa na maungio, na kama ameambiwa afanye mazoezi chini ya uangalizi tu. Jibu moja la ndiyo linamwondoa kwenye kipimo mpaka mazungumzo zaidi yafanyike. Swali la dawa ndilo linalojibiwa kwa aibu, ulizia faraghani. Anayemeza atenolol, bisoprolol au propranolol mapigo yake yanazuiwa na dawa, kwa hiyo jedwali lolote la mapigo halimhusu. Yeye muongoze kwa pumzi na hisia.

Ukanda wetu unalo pia suala la selimundu. Mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mzima siku zote na huenda hajui kabisa kuwa anayo. Lakini juhudi ya kupita kiasi isiyo na mapumziko, hasa kwenye joto, akiwa na upungufu wa maji au akiwa nyanda za juu, inaweza kumwangusha. Anayejua hali yake aambiwe wazi kuwa kipimo cha nguvu zote si lazima na hakuna atakachokosa; ipo njia nyingine hapa chini. Na yeyote anayesema miguu imelegea ghafla, tena mapema, mshushe. Hapo si mahali pa kumhamasisha.

Mwezi wa Ramadhani usiweke kipimo. Darasa la baada ya futari liwe la ukanda wa 2, yaani juhudi nyepesi (kanda zinaelezwa mwishoni), na kipimo kisubiri wiki mbili baada ya Idi.

Kiti

Kabla ya kuanza, mtu aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akirudisha sehemu pana ya unyayo juu ya pedali, goti litabaki na mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35. Mikono ya pedali ikiwa imelala sambamba na sakafu, goti la mbele liwe juu ya mhimili wa pedali. Usukani ni wa starehe. Mwenye kitambi au mgongo mgumu aupandishe bila kuona haya. Andika namba za kiti na usukani kwenye karatasi ya kipimo, kwa sababu kiti kikishuka tundu mbili mwezi ujao wati zitashuka nacho na utadhani mtu amerudi nyuma.

Dakika ishirini, na njia nyingine

Utaratibu kamili wa Coggan na Allen una sehemu ambayo walimu wengi huiacha. Ni dakika 20 nyepesi, mizunguko ya haraka ya dakika moja mara tatu yenye mapumziko ya dakika moja kila baada yake, dakika 5 nyepesi, kisha dakika 5 za nguvu zote, dakika 10 nyepesi, ndipo zije dakika 20 za kipimo, na 10 au zaidi za kupoza mwili. Zile 5 za nguvu zote hazikuwekwa kumkomoa mtu. Zinamaliza ule mkopo niliousema, ili dakika 20 zisomwe bila chumvi. Ukiziacha, 0.95 haitoshi tena na namba inatoka kubwa kuliko uwezo. Mtu huyo atateseka kwenye kila darasa lijalo bila kujua kwa nini.

Jumla yake ni dakika 76, na darasa lako ni la 60. Punguza hivi: 12 za kupasha mwili, 5 zenye mizunguko ya haraka, 2 nyepesi, 5 za nguvu zote, 8 nyepesi, 20 za kipimo, 8 za kupoza. Namba itakayopatikana ilinganishwe na vipimo vya mtindo huo huo tu.

Kinachowaangusha watu ni kugawa nguvu. Dakika ya kwanza miguu ni mibichi na 240 inaonekana rahisi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukimwona mtu ana wastani wa 235 kwenye dakika tano za kwanza na 175 kwenye tano za mwisho, hujapima kizingiti chake, umepima pupa yake. Anayekisia kuwa atafika 200 aanze na 190, dakika ya 5 hadi ya 15 akae kwenye 200, na kuanzia hapo atoe kilichobaki. Asiye na makisio aanze kwenye juhudi ya 7 kati ya 10: anaweza kutamka maneno matatu, lakini sentensi haimaliziki.

Mizunguko ya pedali aichague mwenyewe kati ya 80 na 95, asibadilishe ovyo. Wati ni nguvu ya msukumo mara kasi: zidisha nyutoni-mita kwa mizunguko, kisha kwa 0.105. Msukumo wa 20 kwa mizunguko 90 ni karibu wati 189. Akishuka hadi mizunguko 60 na kutaka wati zile zile, lazima asukume 30, yaani nusu zaidi kwa kila mzunguko. Mapaja yanakufa kabla ya pumzi, na kipimo kinakuwa cha mapaja.

Kuhusu wastani: baiskeli yenye kitufe cha kuanza hatua mpya, kibonyezwe sekunde ile ile kipimo kinapoanza, la sivyo wastani utameza dakika zote nyepesi za mwanzo. Ikiwa haina kitufe hicho lakini inaonyesha kilojuli, andika kilojuli mwanzoni na mwishoni. Tofauti yake zidisha kwa 1,000 na ugawe kwa sekunde 1,200. Kilojuli 228 kwa dakika 20 ni wati 190 kamili. Kalori usizitumie kwa hesabu hii. Kila kiwanda kina namna yake ya kuzikadiria.

Kwa baiskeli zisizo na wati, kipimo kinachofaa ni cha kocha Joe Friel: dakika 30 kwa juhudi ya juu inayoweza kushikiliwa, na unachukua wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Huo wastani ndio mapigo ya kizingiti. Hauzidishwi tena kwa 0.95, kosa ambalo hufanywa na watu waliochanganya vipimo viwili. Mkanda wa kifuani ni wa lazima, sehemu zake za kugusa ngozi zikilowanishwa maji na ukikaa chini ya kifua, umebana. Saa ya mkononi hudanganya kwenye baiskeli kwa sababu kiganja kinakunjika na kushika usukani kwa nguvu, damu ya kifundo haisomeki vizuri. Betri ni ile ya duara ya CR2032. Kaa na mbili mfukoni.

Kipo pia kipimo cha ngazi: unaanza na wati 100, au 60 kwa mwepesi, unaongeza 20 kila dakika mpaka mtu ashindwe, na asilimia 75 ya dakika bora ya mwisho ndiyo FTP. Aliyemaliza dakika ya wati 260 anapewa 195. Ni kifupi na hakihitaji ujuzi wa kugawa nguvu, kwa hiyo kinaingia kwenye darasa la dakika 45. Kasoro zake ni mbili. Mwenye nguvu za mbio fupi hupata namba kubwa mno. Na darasani, dhaifu kuliko wote ndiye anayeshindwa wa kwanza mbele ya macho ya wote, na mwezi ujao hatarudi. Kwa baiskeli za gia, usidhani gia moja kila dakika ni sawa na wati 20. Kadiri gia inavyopanda hatua inakuwa kubwa zaidi, ongoza kwa wati za skrini.

Kwa mzee, kwa aliyejibu ndiyo kwenye fomu na kuruhusiwa na daktari mazoezi ya wastani, na kwa mwenye chembe ya selimundu, fanya kipimo kisichofika juu. Akanyage dakika 60, au hata 40, kwa wati zisizobadilika ambazo bado anaweza kutaja siku saba za juma, Jumamosi hadi Ijumaa, kwa pumzi moja. Gawa wati kwa mapigo kwenye nusu ya kwanza na nusu ya pili. Mfano wati 130: mapigo 140 mwanzoni yanatoa 0.929, na 147 mwishoni yanatoa 0.884, pungufu la karibu asilimia 4.8. Chini ya 5 ni dalili nzuri kuwa kazi hiyo anaimudu. Baada ya wiki nane angalia kama kwa wati 130 mapigo yake yameshuka. Kwa maoni yangu kipimo hiki kinastahili kutumiwa hata kwa vijana, maana kinaweza kurudiwa kila wiki bila kumharibia mtu siku.

Mwalimu ashuke

Huwezi kupima ukiwa unakanyaga. Shuka, chukua karatasi na kalamu, zunguka. Dakika ya 5, 10, 15 na 20 andika wati, mapigo na mizunguko ya kila mtu. Kwa watu 12 unahitaji msaidizi. Namba hizo nne ndizo zitakazokuambia baadaye kama alijigawa vizuri.

Maneno yawe machache. Dakika ya 3 sema mara moja kwa wote: aliyeishiwa pumzi apunguze mzigo sasa, si dakika ya 12. Katikati nyamaza. Usitaje wati za mtu kwa sauti, na usiseme "ongeza" kwa darasa zima, kwa sababu ndani yake yupo anayefanya sahihi na utamvuruga. Taja muda kwenye 10, 15 na 18, basi. Marekebisho ya mwili ni ya mtu mmoja, kwa sauti ya chini, jambo moja kwa wakati: "Mzee, mabega chini." "Dada, legeza vidole." Mzee wa miaka sitini hapigiwi kelele za "kanyaga, kanyaga" kama konda anayeita abiria.

Angalia nyonga. Zikiyumba kushoto na kulia, kiti kiko juu. Vidole vya mguu vikielekea chini, kiti kiko juu au mtu amechoka misuli ya mbele. Ganzi ya mikono ina maana uzito wote umeegemea usukani. Kusimama juu ya pedali kuruhusiwe sekunde 10 kila dakika 5, kwa wote sawa. Baiskeli zenye gurudumu lililofungwa moja kwa moja na pedali haziachii miguu ikipumzika, kwa hiyo atakayetaka kuacha kukanyaga ghafla akandamize kitasa chini. Wote wakumbushwe kabla ya kuanza.

Baada ya mwisho, waendelee kuzungusha miguu polepole na uandike mapigo ya dakika moja baadaye. Kushuka kwa chini ya mapigo 12 katika dakika hiyo ni jambo la kumshauri mtu amwone daktari, hasa likirudia.

Joto nalo lina hesabu yake. Chumba kilichofungwa, Februari, Dar es Salaam au Mombasa, mapigo hupanda 10 na zaidi kwa wati zile zile, kwa sababu damu inapelekwa kwenye ngozi na maji yanapungua mwilini. Andika nyuzi joto na idadi ya feni zilizokuwa zikifanya kazi. Umeme ukikatika katikati na feni zikasimama, ahirisha. Na aliyehama Dar es Salaam kwenda Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asilinganishe namba za kule na za huku. Apimwe upya baada ya wiki mbili tatu na aanze ukurasa mpya.

Namba inapelekwa wapi

Chukua aliyepata wastani wa 190. Mara 0.95 ni 180. Ukanda wa 1 ni chini ya wati 99, wa 2 ni 99 hadi 135, wa 3 hadi 162, wa 4 hadi 189, wa 5 hadi 216. Hizo ni asilimia 55, 75, 90, 105 na 120 za kizingiti. Ikiwa ana kilo 60, ana wati 3 kwa kilo, namba inayofaa kumlinganisha na nafsi yake anapopungua uzito.

Kwa mapigo, aliyepata kizingiti cha 168: ukanda wa 2 ni 136 hadi 150, wa 3 hadi 156, wa 4 ni 158 hadi 166. Mapigo huchelewa dakika moja hadi tatu kufuata kazi, kwa hiyo vipande vya sekunde 30 usiviongoze kwa mapigo; mtu atakuwa amekwisha kupumzika ndipo skrini inapanda.

Ile hesabu ya 220 kutoa umri iache kwenye bango la ukutani. Kwa wa miaka 60 inatoa 160, wakati hesabu ya 208 kutoa 0.7 mara umri inatoa 166, na zote mbili ni wastani wa umati: mapigo ya juu ya watu wa umri mmoja hutofautiana kwa 10 au 12 juu na chini kwa kawaida tu. Mtu wa miaka 45 mwenye kilele cha 190 si mgonjwa.

Darasani usitaje wati, taja ukanda. "Dakika nane, ukanda wa tatu" ina maana ya 145 kwa mmoja na 230 kwa mwingine, na wote wanafanya kazi moja. Kosa la madarasa mengi ni kuishi kwenye ukanda wa 3 na wa 4 kila siku, kwa sababu hapo jasho linatoka na watu wanaridhika. Kati ya madarasa matatu ya wiki, moja liwe la ukanda wa 2 karibu lote, moja la vipande vya ukanda wa 4, mfano dakika 8 mara tatu na mapumziko ya 4, na la tatu livunjwe kwa vipande vifupi vya ukanda wa 5. Muziki ufuate. Singeli ya midundo 200 kwa dakika, kila mguu ukichukua mdundo wake, inatoa mizunguko 100. Amapiano ya 112 inatoa 56, ambayo ni ya mlima mzito na kidogo chini ya ninavyopenda. Asiye na skrini ahesabu goti la kulia kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne.

Walimu wenyewe hujipima vibaya kuliko wanafunzi. Anayefundisha madarasa kumi kwa wiki hana siku ambayo miguu imepumzika, na hujipima akiwa anaongea, jambo linalopandisha mapigo na kupunguza wati. Ukitaka namba yako, kaa siku mbili bila darasa zito, kula saa mbili au tatu kabla, kahawa iwe kiasi kile kile cha kipimo kilichopita, mwenzako ndiye ashike saa na karatasi. Kisha angalia unakanyaga ukanda gani unapofundisha. Ukikuta ni wa 4 katika madarasa yote kumi, shuka kwenye baiskeli katika matano kati yake.

Rudia kipimo baada ya wiki sita hadi nane. Tofauti ya wati 4 kwa mtu wa 180 usiipigie vigelegele wala kuiombea radhi. Baiskeli na usingizi vinatosha kuileta. Ikifika 10 na pumzi ya ukanda wa 3 imekuwa rahisi, badilisha kanda zake. Karatasi iwe na tarehe, saa, namba ya baiskeli, tundu la kiti, nyuzi joto, feni, na zile namba nne za dakika ya 5, 10, 15 na 20.